Goti, bega na kifundo baada ya miaka ya michezo ya hatari: nitajuaje mazoezi yanajenga au yanabomoa?

MatutaNaMiamba ameuliza:

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri wa wanaojua majeraha ya zamani, yale ambayo kwenye karatasi za hospitali yalishapona lakini mwilini bado yapo.

Nina miaka 47. Michezo ni baiskeli za milimani na kupanda miamba, na sina nia ya kuacha. Hali ya viungo ni hii. Goti la kulia: kano ya msalaba ya mbele ilikatika, ikatengenezwa upya kwa upasuaji miaka 16 iliyopita, na sehemu ya menisko ya ndani (kile kikinga-kishindo kilicho kati ya mifupa ya goti) ikaondolewa. Bega la kushoto limeteguka mara 3, mara ya mwisho mwaka jana, halijapasuliwa. Kifundo cha mguu wa kushoto kinapinduka hata kwenye njia tambarare. Mtulinga (mfupa wa juu ya kifua unaofika begani) wa kulia una bamba la chuma na skrubu 7.

Goti ndilo linalosumbua zaidi. Asubuhi linakakamaa kama dakika 20, na nikishuka mlima mrefu, kesho yake limejaa maji. Eksirei inaonyesha nafasi ya upande wa ndani imepungua.

Nitajuaje mazoezi yanajenga au yanabomoa? Kwenye baiskeli nibadilishe nini? Na dawa za maumivu, mpaka wake ni upi?

MzeeWaUwanja amejibu:

Mkuu, pumzisha hilo goti wiki 6 kamili. Barafu asubuhi na jioni, na kifunga goti kutwa nzima. Gegedu, yaani ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, likishalika halirudi, kila unachokifanya unalimaliza tu.

TibaViungo amejibu:

Mzee wangu, kwa heshima zote, hapo napingana nawe, na ninaandika kirefu kwa sababu ushauri huu umewaharibia watu wengi magoti.

Gegedu halina mishipa ya damu. Chakula chake kinatoka kwenye ute wa kiungo, na ute huo huingia na kutoka kwenye gegedu kiungo kinapobanwa na kuachiwa. Goti lisilobebeshwa kitu wiki 6 linanyimwa hiyo pampu, na misuli ya paja inayolilinda inanyauka. Ukirudi mlimani wiki ya 7, mzigo ni uleule lakini mbebaji amedhoofika. Hata Gabe Mirkin, daktari aliyeeneza kanuni ya kupumzisha, barafu, kubana na kuinua mwaka 1978, baadaye alibadili msimamo wake kuhusu barafu na mapumziko kamili. Barafu ina kazi moja ya hakika: kupunguza maumivu kwa muda. Dakika 10 hadi 15 juu ya kitambaa zinatosha, na usitegemee kwamba itaponya kitu.

Sasa nije kwa mwenye swali. Kipimo chako ni asubuhi ya kesho yake. Wakati wa mazoezi, toa alama za maumivu kuanzia 0 hadi 10. 0 hadi 2 endelea bila wasiwasi. 3 hadi 5 yanavumilika, kwa sharti kwamba kesho asubuhi goti limerudi katika hali yake ya kawaida. Zaidi ya 5, punguza hapohapo. Kama kule kukakamaa kwa dakika 20 kumegeuka dakika 45, mzigo wa jana ulizidi, hata kama wakati ule hukuhisi kitu.

Maji kwenye goti ni kipimo kikali kuliko maumivu, na wengi hawakijali. Kiungo kikijaa, neva zake huizima misuli ya mbele ya paja isikaze sawasawa. Kwa hiyo kufanya mazoezi ya nguvu na goti lililojaa ni kujisumbua: unafundisha misuli mingine kufanya kazi isiyo yake. Kila asubuhi kabla ya kutembea sana, lala mguu umenyooka, zungushia utepe wa fundi cherehani katikati ya kilegesambwa (kile kifuniko cha mfupa mbele ya goti), uandike namba. Baada ya wiki moja utaijua kawaida yako. Ikizidi kwa sentimita 1 au zaidi, siku hiyo hakuna kushuka mlima wala uzito mkubwa. Endesha baiskeli taratibu kwenye gia nyepesi, au uogelee kwa kupigapiga miguu iliyonyooka. Mtindo wa chura uache, unalipinda goti kwa ndani.

Mazoezi ya nguvu, mara 2 au 3 kwa wiki, siku moja ya kupumzika katikati. Goti likiwa na hasira, anza na kukaza bila kusogeza: egemea ukuta kama aliyekaa kwenye kiti kirefu, magoti yamepinda kiasi, shikilia sekunde 45, pumzika dakika 2, rudia mara 5. Likitulia, hamia kwenye kupanda na kushuka kibao. Anza na kibao cha sentimita 10, kisha 15, kisha 20. Shuka kwa sekunde 3 nzima, maana udhaifu wako uko kwenye kushuka. Seti 3 za mara 8 hadi 12. Ukiona unaweza kuongeza mara 2 juu ya lengo kwa vipindi viwili vya mazoezi mfululizo, ndipo uongeze uzito, kilo 2 au 3 tu.

Kosa la kwanza ni goti kuangukia ndani wakati wa kushuka. Weka kioo mbele yako, na goti lielekee kidole cha pili cha mguu. Kosa la pili halionekani kirahisi: kwenye kuchuchumaa kwa miguu miwili, mguu usio na jeraha unafanya kazi ya wote wawili, na ule mgonjwa unasindikiza tu. Jipime. Kaa kwenye benchi la urefu wa goti, simama kwa mguu mmoja, hesabu mara ngapi unaweza. Kama mguu usio na jeraha unafika 10 na ule mgonjwa haufiki 9, mazoezi yako mengi yawe ya mguu mmojammoja hadi vilingane. Toa hukumu baada ya wiki 12, si wiki 3.

Kifunga goti cha kitambaa kinampa mtu hisia ya kulijua goti lake liko wapi, lakini hakizuii kupinda vibaya. Chenye vyuma pembeni, kinachosukuma mzigo utoke upande wa ndani, kinaweza kukufaa kwenye safari ndefu za kushuka. Kutwa nzima hakina maana. Na kama una kilo za ziada, kila kilo 1 inayotoka mwilini hulipunguzia goti mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua.

FundiPedali amejibu:

Upande wa baiskeli, anza na siti. Weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa: goti liwe limenyooka. Ukihamia kwenye sehemu pana ya unyayo, goti litabaki limepinda nyuzi 25 hadi 35, na hapo ndipo panapotakiwa. Siti ikiwa chini sana, kilegesambwa kinabanwa na maumivu yanakuja mbele ya goti. Ikiwa juu sana, nyonga zinayumba huku na huku na maumivu yanahamia nyuma ya goti. Badilisha milimita 5 kwa mara moja, endesha siku mbili tatu, ndipo uguse tena.

Baada ya siti, angalia mikono ya pedali. Baiskeli nyingi za milimani zinakuja na yenye milimita 170 au 175. Kwa goti lisilopenda kupinda sana, ya milimita 165 inapunguza ule mkunjo wa juu kabisa. Ukifupisha kutoka 175, pandisha siti kwa milimita hizohizo 10. Zungusha pedali mara 80 hadi 90 kwa dakika kwenye gia nyepesi. Kusukuma gia nzito taratibu mlimani ndiko kunakoliumiza goti bovu.

Wakati wa kushuka mtu anasimama juu ya pedali magoti yamepinda dakika nyingi, misuli ikiwa imekaza bila kusogea. Nguzo ya siti inayoshuka kwa kitufe ni msaada mkubwa hapo, kwa sababu hulazimiki kujikunja kuikwepa siti. Tafuta mahali pa kusimama kila baada ya dakika chache na unyooshe miguu. Usukani mpana kupita kiasi unalipeleka bega lako bovu nje, katika pembe mbaya linapopigwa na jiwe, kwa hiyo upunguze sentimita 1 kila upande na uujaribu. Upepo wa tairi usiwe mwingi, mtetemo wote unaishia kwenye viganja na mabega. Kwa ajili ya lile bamba la mtulinga, hamisha mzigo kutoka begi la mgongoni kwenda mkoba wa kiunoni, maana mkanda wa begi unasugua ngozi iliyo juu ya vichwa vya skrubu.

DirishaLaDawa amejibu:

Kuhusu dawa. Kwa goti, ambalo haliko ndani sana, anza na jeli ya diklofenaki kabla ya vidonge, maana kiasi kidogo tu ndicho kinachoingia kwenye damu. Ile ya asilimia 1 hupakwa gramu 4 kwenye goti, mara 4 kwa siku, na gramu 4 ni nyingi kuliko watu wanavyodhani, ndiyo sababu wengi wanasema haifanyi kazi. Ipe siku kadhaa. Usifunge bandeji juu yake, usiweke kitu cha moto, nawa mikono baadaye.

Ibuprofeni inayouzwa bila cheti cha daktari: miligramu 200 hadi 400 kwa mara moja pamoja na chakula, isizidi 1200 ndani ya saa 24. Usiichanganye na vidonge vya diklofenaki au naproksini, hizo ni ukoo mmoja, zinajumlisha madhara: vidonda vya tumbo, presha kupanda, figo kuumia. Mwenye historia ya vidonda, ugonjwa wa figo au moyo, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, asiguse kabla ya kuongea na daktari.

Jambo ninalolisisitiza kwa wanamichezo wa milimani: usimeze kabla ya kuanza safari. Mwili ulioishiwa maji kwa jasho, pamoja na dawa hizi, ndio mazingira ambayo figo huumia. Pia dawa itakuficha zile alama za TibaViungo, utapita 5 ukidhani uko 2.

Parasetamo haizidi gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima, yaani gramu 1 kila baada ya saa 6. Mwenye ini bovu, anayekunywa pombe sana au mwenye uzito mdogo anahitaji kiasi pungufu, amuulize daktari. Soma maboksi ya dawa za mafua, nyingi zina parasetamo ndani.

Sindano ya steroidi (dawa kali ya kupunguza uvimbe) kwenye goti inaweza kutuliza maumivu yaliyopamba moto kwa wiki kadhaa. Isiwe mazoea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulifuatilia watu waliochomwa kila miezi 3 kwa miaka 2: gegedu lao lilipungua zaidi kuliko la waliochomwa maji ya chumvi, na maumivu hayakutofautiana. Wenye kisukari wajue sukari itapanda kwa siku kadhaa.

MatutaNaMiamba ameandika:

Shukrani sana wakuu, nimeshatafuta utepe. Bado bega na kifundo. Pia kuna aliyenishauri goti "lisafishwe" kwa kamera ndogo inayoingizwa ndani ya kiungo. Hilo mnalionaje?

KambaMbili amejibu:

Bega lililoteguka mara 3 usilipangie mazoezi tu, litafutiwe picha kwanza. Kila linapotoka, kichwa cha mfupa wa mkono kinagonga ukingo wa tundu na kuumega kidogokidogo. Ukingo ukishapungua kama asilimia 20, kushona kano peke yake mara nyingi hakushiki, na daktari atafikiria kuhamisha kipande cha mfupa kuziba pengo. Picha ya kompyuta (CT) ndiyo inayoupima mfupa huo vizuri. Na kwa mtu aliyevuka miaka 40, bega likiteguka, kano za misuli inayozungusha bega huchanika mara nyingi kuliko kwa kijana. Kama tangu mwaka jana huwezi kuinua mkono pembeni, au unaamka usiku kwa maumivu ukilalia upande huo, omba altrasaundi au MRI. Mchaniko uliokawia kuonwa unajivuta na misuli inageuka mafuta, na hapo ukarabati unakuwa mgumu.

Pembe ya hatari ni mkono ulioinuliwa pembeni na kugeuzwa nyuma, kama anayetaka kurusha mpira. Kwenye ukuta wa kupandia, hiyo inatokea unapokamata shikilio la mbali pembeni huku mwili unajizungusha kuliacha bega nyuma. Sogeza miguu kwanza, bega lifuate. Usining'inie kamwe kwa bega lililolegea: kabla ya kubeba uzito, vuta bapa la bega chini, mbali na sikio.

Mazoezi yenyewe: kiwiko kimepinda nyuzi 90 kikiwa ubavuni, taulo lililokunjwa limebanwa kati ya kiwiko na mbavu, vuta mkanda wa mpira kwenda nje taratibu, seti 3 za mara 15. Taulo likianguka, unatumia misuli isiyo sahihi. Ongeza kuvuta kwa nyuma kama anayepiga makasia, na kujisukuma ukutani ukimalizia kwa kusukuma mabapa mbele. Likiteguka tena njiani, rafiki asilivute. Fungeni mkono kwa kitambaa katika hali uliyomo, mpime kama ngozi ya nje ya bega ina ganzi na kama vidole vinasogea, muende hospitali. Anayelivuta bila picha anaweza kuvuta mfupa uliovunjika.

Kifundo: kano zilizolegea hazikazwi kwa mazoezi, lakini misuli ya pembeni na hisia ya mahali mguu ulipo vinafundishika. Simama kwa mguu mmoja sekunde 30, kisha macho yamefumbwa, kisha juu ya mto uliokunjwa. Dakika 5 hadi 10 kila siku. Inua kisigino kwa mguu mmoja hadi ufike mara 25 bila kuyumba. Pima pia kama kimekaza: kidole gumba kiwe mbali na ukuta, goti liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka. Ukishindwa kufika kama sentimita 10, au upande huo ukipungukiwa sana na mwenzake, kunyoosha kuje kwanza. Kwenye njia za mawe vaa kifunga kifundo cha kamba. Hakidhoofishi misuli kama inavyosemwa. Plasta ya kunata inayozungushiwa kifundo nayo hulegea ndani ya dakika 20 hadi 30 za mwendo.

MsomaTafiti amejibu:

Kuhusu kusafisha goti: mwaka 2002 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliogawa wagonjwa wenye magoti yaliyolika. Wengine walisafishwa kwa kamera, wengine walichanjwa ngozi tu bila kufanyiwa kitu ndani. Baada ya miaka 2 hakukuwa na tofauti. Miongozo ya baadaye imesimama hapohapo. Isipokuwa goti likijifunga, yaani linakwama halinyooki kabisa kwa sababu kipande kimeziba katikati. Hilo lina haki ya kwenda kwa daktari wa mifupa mapema.

Goti la bandia usiliogope wala usilikimbilie. Takwimu zilizojumlishwa mwaka 2019 zinaonyesha kama 82 kati ya 100 bado yanafanya kazi baada ya miaka 25, ila waliowekewa wakiwa na umri mdogo hurudi kurekebishwa zaidi. Kila mwaka unaousogeza mbele kwa misuli imara ni faida.

Kitu ambacho hukuuliza: kichwa. Mtu mwenye orodha kama yako kwa kawaida alishagonga kichwa pia. Ukianguka na kuchanganyikiwa, kuona ukungu au kichefuchefu, siku hiyo hupandi tena baiskeli, hata ukijisikia vizuri baada ya dakika 10. Saa 24 hadi 48 za kujitunza, matembezi mepesi yanaruhusiwa, skrini kidogo. Kisha panda hatua kwa hatua, kila hatua angalau saa 24, na njia yenye hatari ya kuanguka iwe ya mwisho kabisa, baada ya daktari kuruhusu. Kutapika mfululizo, kichwa kuuma kwa kuzidi, degedege, usingizi usioamshika, mboni zisizolingana au upande mmoja kulegea: hospitali usiku uleule. Kofia iliyogonga haivaliwi tena, povu la ndani likishasinyaa halifanyi kazi mara ya pili hata kama ganda halina ufa.

MatutaNaMiamba ameandika:

Nimeelewa. La mwisho: wiki yangu niipangeje? Na je, kuruka kutoka kwenye mwamba mfupi kwenda kwenye godoro bado kunafaa?

TibaViungo amejibu:

Nguvu za miguu Jumatatu na Alhamisi. Jumanne baiskeli nyepesi dakika 40 tambarare. Jumatano bega na mkanda wa mpira, kisha ukutani njia rahisi. Ijumaa matembezi tu. Jumamosi mlima. Jumapili asubuhi utepe, na namba hiyo ndiyo inayoamua Jumatatu. Usawa wa kifundo ni kila siku, ufanye hata ukipiga mswaki.

Kwa mlima usihesabu kilomita, hesabu mita za kushuka. Chukua ule mteremko uliolijaza goti maji mara ya mwisho, anza na nusu yake. Wiki 2 mfululizo za Jumapili tulivu, ongeza sehemu moja ya kumi. Jumapili moja ikiharibika, rudi kiwango kilichotangulia, usirudi mwanzo.

Goti likiwa la moto, jekundu, limevimba na una homa, hilo si suala la mazoezi, nenda hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo shavu la mguu likivimba upande mmoja na kuuma.

Kuruka kwenye godoro, mimi nasema acha. Godoro laini linameza unyayo na kupindua kifundo kilicholegea, na goti lisilo na menisko kamili linapokea kishindo chote upande wa ndani. Chagua miamba yenye njia ya kuteremkia, jizoeze kupanda kwa kurudi chini shikilio kwa shikilio hadi unyayo uguse. Ukilazimika kuachia, achia kutoka chini ya urefu wa kiuno, tua kwa miguu miwili, magoti yamelegea, kisha ujiviringishe kwa mgongo mikono ikiwa imekunjwa kifuani. Mkono ulionyooshwa nyuma kuzuia anguko utalirudisha bega lako hospitali mara ya 4.